HEWA YA MIKOKO: MGENI KAJA, JE, MWENYEJI KAPONA?

Wazee wetu wa pwani walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Maana yake ni kwamba mgeni hafiki na mikono mitupu, abishapo hodi huwa amebeba baraka, na siku hiyo hata chungu cha nyumbani huongezwa, watoto wakala wakashiba. Lakini wazee hao hao walisema pia kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hizi mbili zanijia kila nisikiapo habari za biashara mpya iliyoingia nchini mwetu na katika nchi nyingi za Afrika, nayo ni biashara ya hewa ya ukaa. Mgeni huyu ameketi barazani kwetu kwa zaidi ya miaka kumi sasa. Si vibaya tukamtazama usoni, tukauliza: je, mwenyeji amepona?

Kwa ndugu ambaye hajalisikia jambo hili, nitalieleza kwa ufupi. Viwanda, magari na ndege za nchi tajiri zatoa moshi mwingi, na ndani ya moshi huo mna hewa ya ukaa, ambayo hukusanyika angani na kuutia ulimwengu joto. Miti huivuta hewa hiyo na kuifungia katika mashina, mizizi na udongo. Basi kampuni ya Ulaya au Marekani ambayo haikuweza, ama haikutaka, kupunguza moshi wake wote, huwalipa watu wa nchi nyingine ili wapande miti, au wasiikate iliyopo, au wapikie majiko yasiyokula kuni nyingi. Kila tani moja ya hewa iliyozuiwa huandikiwa hati, na hati hiyo huuzwa. Mnunuzi husema: nimetoa tani elfu hapa, nimelipia tani elfu kule, tumelingana.

SI JAMBO GENI KUUZA MIKOKO

Sisi watu wa pwani tusidhani kwamba mikoko imeanza kuuzwa leo. Kwa karne nyingi majahazi yalikuja na kaskazi kutoka Uarabuni na nchi za Ghuba, yakarudi na kusi yakiwa yamesheheni boriti za Lamu na za visiwa vyake. Katika nchi zile zisizo na miti mirefu, boriti zetu ndizo zilizobeba dari za nyumba, na upana wa chumba, kule kama huku, ulifuata urefu wa boriti. Biashara ile ilikuwa na lugha yake. Kulikuwa na fito na pau, mazio na boriti, nguzo na banaa, kila moja kwa unene wake. Na hesabu ilikwenda kwa korja, yaani ishirini ishirini. Mkataji, nahodha na mnunuzi wote waliijua korja. Hakuna aliyeweza kumwambia mwenzake kwamba korja ni kumi na tisa.

Mwaka 1982 serikali ya Kenya ilipiga marufuku kupeleka boriti ng'ambo, na biashara ile ya karne nyingi ikafikia ukingoni. Biashara ya leo imeigeuza ile ya zamani, kichwa chini miguu juu. Zamani mkoko ulikuwa na bei ulipolala chini umekatwa. Siku hizi una bei maadamu umesimama. Hilo kwa upande mmoja ni jema. Lakini hapo hapo ndipo penye mtihani, kwani boriti yaonekana na kushikika, nayo hewa haionekani wala haishikiki. Korja ya hewa yahesabiwaje? Na nani aliyekabidhiwa kuihesabu?

Wanaosoma vitabu vya sharia wajua kuwa biashara ya kitu kisichojulikana imekatazwa, na mifano wanayoitoa masheikh ni ya kuuza samaki angali baharini au ndege angali angani. Aidha Kurani Tukufu ina sura nzima, Al-Mutaffifin, yenye jina la wale wapunjao vipimo. Sitaki kutoa hukumu juu ya hati za kaboni, maana hiyo si kazi ya mwandishi wa gazeti. Ni kazi ya masheikh na makadhi wetu. Ninalosema ni kwamba maswali ambayo wazungu wanaulizana leo kuhusu biashara hii, wazee wetu wa sokoni waliyajua zamani: pishi ni ya kweli? Mali ni ya nani? Daftari liko kwa nani? Na fungu la mwenye mali ni lipi?

AHADI MBILI ZA KYOTO

Asili ya jambo hili ni mkutano wa mataifa uliofanyika katika mji wa Kyoto, Japani, mwezi wa Desemba 1997. Mkataba uliotoka huko ulianza kutumika Februari 2005. Ndani yake mlikuwa na mpango ulioziruhusu nchi tajiri kulipia miradi katika nchi maskini na kujihesabia upungufu wa moshi uliopatikana huko. Mpango huo uliandikwa kwa ahadi mbili, na zote mbili zilikuwa na uzito sawa: kwanza, kuzisaidia nchi tajiri zitimize wajibu wao kwa gharama nafuu, pili, kuzisaidia nchi wenyeji zipate maendeleo ya kudumu, au maendeleo endelevu kama yaitwavyo siku hizi. Maendeleo ya kudumu ni yale ambayo baba akiyala leo, mtoto naye atayakuta kesho.

Ahadi ya kwanza ilipewa pishi yake. Wakaguzi waliwekwa, hesabu zikapigwa, hati zikatolewa kwa tani. Ahadi ya pili haikupewa hata kibaba. Kila serikali mwenyeji iliachiwa iseme yenyewe kwamba mradi huu waleta maendeleo kwake, na neno lake likatosha. Sasa fikiri, ndugu msomaji: nchi kumi zashindana kumvutia mteja mmoja. Ni ipi itakayomwekea mteja masharti magumu, ilhali jirani amefungua mlango wazi?

Matokeo yake yalionekana mapema. Mwaka 2007 watafiti wawili, Christoph Sutter na Juan Carlos Parreño, waliichunguza miradi 16 ya kwanza iliyosajiliwa chini ya mpango ule. Waliona kuwa karibu asilimia 72 ya hati zilizotarajiwa kutoka katika miradi hiyo zingetokana na upungufu wa kweli wa moshi. Lakini hati zilizotoka katika miradi yenye kuleta maendeleo makubwa kwa wenyeji hazikufika hata asilimia moja. Na katika miradi yote 16 haukupatikana hata mmoja uliofuzu vizuri katika ahadi zote mbili.

Sababu haikuwa siri. Fedha nyingi zilikimbilia viwanda vya China na India vinavyotengeneza gesi ya majokofu. Katika kazi hiyo hutoka gesi nyingine chafu iitwayo HFC-23, ambayo tani yake moja ilihesabiwa kuwa sawa na tani 11,700 za hewa ya ukaa. Mwenye kiwanda aliyefunga mtambo wa kuiteketeza gesi hiyo alipata hati 11,700 kwa kila tani, kwa gharama ndogo. Ilifika hadi watu wakashuku kwamba viwanda vingine vyaitengeneza gesi hiyo ili viteketeze na kulipwa, na Jumuiya ya Ulaya ikakataa kuzipokea hati za namna hiyo kuanzia Mei 2013. Mtambo wa kuteketeza gesi hauajiri kijiji, haulimi shamba, wala hauchimbi kisima. Afrika nayo, ambayo ndiyo iliyokuwa na haja kubwa ya maendeleo hayo, ilipata miradi michache mno ikilinganishwa na China, India na Brazil.

MIZANI INA VITANGA VIWILI

Jambo ninalotaka lieleweke ni hili: mizani ya biashara hii ina vitanga viwili, na kila kimoja chapimwa peke yake. Kitanga kimoja ni cha hewa: je, moshi umepungua kweli? Kitanga cha pili ni cha watu: je, wenyeji wamefaidika? Mradi waweza kushinda huku na kushindwa kule. Gesi ya majokofu iliteketezwa kweli, lakini mwenyeji hakuonja. Majiko nayo ni kinyume chake. Mwezi wa Januari 2024 wataalamu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley walitangaza kuwa miradi ya majiko waliyoichunguza ilipewa hati kupita kiasi, takriban mara tisa ya moshi uliopungua kweli. Hata hivyo mama aliyepewa jiko zuri huko kijijini anapumua vyema zaidi, na kuni zake hazimalizi mgongo. Kwake yeye faida ni ya kweli. Aliyepunjwa ni ulimwengu, kwani yule mwenye kiwanda aliyeinunua hati ya majiko ametoa tani tisa akiwa amelipia moja tu.

Hali kadhalika Januari 2023 gazeti la Guardian la Uingereza, pamoja na waandishi wengine wa Ulaya, lilichapisha uchunguzi kuhusu hati za misitu zilizoidhinishwa na Verra, shirika la Marekani ambalo ndilo kubwa kuliko yote katika kazi hiyo. Waandishi hao walidai kwamba zaidi ya asilimia 90 ya hati za misitu ya mvua walizozichunguza hazikuwakilisha upungufu wowote wa maana. Verra ilikanusha na kusema hesabu ile imekosewa. Ugomvi wao ulikuwa juu ya swali moja: ungalikatwa msitu huu lau mradi usingalikuja? Mwenye kutaka hati nyingi atasema ungalikatwa wote. Na nani atakayemkosoa, hali jambo lenyewe halikutokea?

GAZI: KIDOGO CHENYE DAFTARI

Baada ya kuyasema mabaya, haki yataka niyaseme na mazuri, na kwa bahati mzuri wake uko hapa kwetu. Gazi, katika Kaunti ya Kwale, ni mji wenye historia. Ndiko alikokaa Sheikh Mbaruk bin Rashid wa ukoo wa Mazrui, aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 na 1896. Katika miaka ya sabini mikoko ya ghuba ile ilikatwa sana kwa ajili ya kuni za viwanda, na mahali pengine pakabaki tope tupu ambalo mti haukurudi wenyewe. Miaka ya tisini ilipoanza, wataalamu wa taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na samaki, KMFRI, akiwemo Dakta James Kairo, walianza kuipanda upya kwa kushirikiana na wanakijiji.

Kutokana na kazi hiyo ulizaliwa mradi uitwao Mikoko Pamoja. Mwaka 2013 uliidhinishwa chini ya kanuni za Plan Vivo, ukawa mradi wa kwanza duniani wa kuuza kaboni ya mikoko unaoendeshwa na wanakijiji wenyewe. Eneo lake ni hekta 117, na hati zake ni za tani 3,000 hivi kwa mwaka. Hati huuzwa kwa msaada wa chama kiitwacho ACES, kilichosajiliwa Scotland. Kanuni za Plan Vivo zataka angalau asilimia 60 ya mauzo iwafikie wenyeji. Wanakijiji wa Gazi na Makongeni wana kamati yao, na matumizi ya fedha hujadiliwa nao. Fedha hizo zimeingia katika maji, katika shule na vitabu, na katika kuilinda mikoko yenyewe. Mwaka 2017 mradi huu ulipewa Tuzo ya Ikweta na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo.

Napenda mambo matatu katika mradi huu. La kwanza, waliuliza: mtu akizuiwa kukata mkoko, atapikia nini na atajengea nini? Wakapanda mivinje nchi kavu, ili mahitaji ya kuni na nguzo yasihamie msitu wa jirani. La pili, mali iliyolindwa ina faida nyingine isiyopita Scotland. Mkoko ukisimama, kaa, kamba na samaki wadogo hupata pa kukulia, ufuo haumomonyoki, nyuki wana maua. Hata wateja wakikimbia kesho, mvuvi wa Gazi amebaki na kitu. La tatu, hesabu yenyewe ni ya unyenyekevu. Tope la mikoko limenyimwa hewa, na kwa hiyo majani na mizizi haiozi upesi. Ukaa hufungwa humo kwa mamia ya miaka, na kwa kila hekta mikoko hushika ukaa mara kadhaa kuliko misitu mingi ya bara. Mradi ungaliweza kudai mengi. Badala yake umeanza na pishi ndogo.

Lakini nisiwapake wasomaji mafuta kwa mgongo wa chupa. Mapato ya Gazi katika miaka ya mwanzo yalikuwa kati ya dola 12,000 na 15,000 kwa mwaka. Ukizigawa kwa watu maelfu kadhaa wa vijiji vile, kila mmoja apata shilingi mia chache tu kwa mwaka mzima. Ndiyo maana fedha hizo huwekwa pamoja katika kisima na darasa, na hilo ni la busara, maana haba na haba hujaza kibaba. Hata hivyo asitokee mwanasiasa akawaambia watu wa pwani kwamba hewa itawatoa katika umaskini. Kisima ni neema, ila kijana aliyemaliza shule bado anatafuta kazi.

Mfano wa Gazi umeanza kufuatwa. Huko Vanga, Jimbo na Kiwegu, karibu na mpaka wa Tanzania, umeanzishwa mradi wa namna hiyo wenye zaidi ya hekta 400 za mikoko. Kenya nzima ina hekta 60,000 hivi za mikoko, na sehemu kubwa kabisa iko Lamu. Kwa hiyo jambo hili litabisha hodi katika milango mingi ya pwani.

MALI NI YA NANI?

Swali la ardhi ndilo linalonitia hofu zaidi, na mtu wa pwani hahitaji kuelezwa sababu. Sisi twajua maana ya kuzaliwa juu ya ardhi, ukazikiwa wazazi wako hapo, kisha ukaambiwa huna hati. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali tangu mwaka 1932, zama za ukoloni. Watu wa Gazi hawamiliki mikoko yao; wana mapatano na idara ya misitu ya kuisimamia. Maadamu mapatano yapo, hakuna neno. Yakimalizika, mazungumzo huanza upya, na mwenye hati ndiye mwenye sauti.

Tutazame yaliyowapata ndugu zetu wa Isiolo. Katika kaskazini ya Kenya kuna mradi mkubwa sana wa kaboni, unaosimamiwa na shirika la Northern Rangelands Trust, uliochukua karibu hekta milioni 1.9 za malisho. Hoja yake ni kwamba wafugaji wakilisha kwa zamu, nyasi hukua na udongo hushika ukaa. Machi 2023 shirika la Survival International lilitoa ripoti kali dhidi ya mradi huo, na Verra ikasimamisha utoaji wa hati ili ichunguze. Kisha Januari 2025 Mahakama ya Mazingira na Ardhi huko Isiolo ikaamua kwamba hifadhi mbili zilianzishwa kinyume cha sheria, bila wananchi kushirikishwa ipasavyo. Mojawapo, Biliqo Bulesa, imo ndani ya mradi wa kaboni.

Kinachonisikitisha ni kwamba Waborana wa sehemu zile wana utaratibu wao wa kale wa malisho uitwao deedha, ambapo wazee huamua ng'ombe walishwe wapi masika na wapi kiangazi. Yaani elimu ya kulisha kwa zamu ilikuwapo kabla ya hati za kaboni kusikiwa. Mgeni anapokuja kumfundisha mwenyeji kupika chakula ambacho mwenyeji amekipika tangu enzi za babu, kisha akamuuzia mtu wa tatu, hapo pana la kuuliza.

Karibu nasi zaidi, upande wa Taita Taveta, uko mradi wa Kasigau unaoendeshwa na kampuni ya Wildlife Works. Mwaka 2011 ulikuwa wa kwanza duniani, chini ya kanuni ambazo leo zasimamiwa na Verra, kupata hati za kuzuia ukataji wa msitu. Umelipia karo za wanafunzi wengi na umeleta maji na kazi. Lakini mwaka 2023 shirika la SOMO la Uholanzi na Tume ya Haki za Binadamu ya Kenya, ambayo ni shirika la kiraia, walitoa ripoti yenye malalamiko ya wanawake kudhalilishwa na baadhi ya wafanyakazi wakubwa. Kampuni ilifanya uchunguzi na kukiri kwamba yametendeka mambo yasiyofaa. Fundisho hapa ni kwamba karo na maji havimnyamazishi mwanamke aliyedhulumiwa, wala havipaswi kumnyamazisha. Maendeleo yanayohesabu mabomba bila kuhesabu heshima ya watu yana kasoro katika pishi.

SHERIA IPO, DAFTARI LIKO WAPI?

Serikali yetu haikulala. Tarehe 1 Septemba 2023 Rais William Ruto alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, siku chache kabla ya mkutano mkuu wa Afrika kuhusu jambo hilo kufanyika Nairobi. Sheria hiyo yataka kila mradi wa ardhi uwe na mkataba wa maendeleo na wenyeji, na uwape kila mwaka si chini ya asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kutoa gharama za biashara. Kwa miradi isiyotumia ardhi, fungu ni asilimia 25. Mwaka 2024 kanuni za utekelezaji zilitangazwa.

Asilimia 40 ni neno tamu. Lakini tuyasome maneno yanayofuata: "baada ya kutoa gharama." Mtu yeyote aliyewahi kufanya ubia wa jahazi ajua kwamba faida hupotelea hapo. Nahodha akirudi atasema tanga lilichanika, nanga ilipotea, mabaharia walikula sana. Na mwenye mtaji aliyebaki nchi kavu hana ushahidi. Ukaguzi, washauri, safari za ndege, mishahara ya ng'ambo, vyote ni gharama. Asilimia 40 ya kilichobaki yaweza kuwa kubwa, na yaweza kuwa makombo. Mali bila daftari hupotea bila habari. Kama daftari la gharama halisomwi mbele ya wanakijiji, kwa lugha waielewayo, sheria itakuwa pambo.

Nalo jambo lenyewe lazidi kukua. Mwaka 2023 kampuni ya Blue Carbon ya Dubai ilitia sahihi hati za makubaliano ya awali na serikali za Liberia, Tanzania, Zambia, Zimbabwe na Kenya, juu ya mamilioni ya hekta za misitu. Huko Liberia pekee lilitajwa eneo la hekta milioni moja hivi, karibu sehemu moja katika kumi ya nchi. Sisi na watu wa Ghuba ni ndugu wa dini na wa biashara tangu enzi za majahazi, lakini udugu hauondoi hesabu. Mnunuzi wa boriti alipotoka Muscat alihesabiwa korja ishirini, naye akalipa ishirini.

NANI APUNGUZE?

Limebaki swali moja ambalo ni la mnunuzi, si la mwenyeji. Mmarekani mmoja, kwa wastani, hutoa takriban tani 14 za hewa ya ukaa kwa mwaka. Mkenya hafikishi hata nusu tani. Piga hesabu: kazi yote ya mikoko ya Gazi kwa mwaka mzima, walinzi wake, wapandaji wake, kamati yake na vikao vyake, yafuta moshi wa Wamarekani 214 hivi. Hicho ni kijiji kidogo. Mikoko yote ya pwani yetu haiwezi kuosha moshi wa mji mmoja mkubwa wa Marekani. Kwa hivyo hati ikinunuliwa na mtu anayepunguza moshi wake kwanza, kisha akalipia kilichomshinda, hiyo ni heri. Ikinunuliwa ili asipunguze kitu, basi ni sawa na mtu anayemlipa jirani afunge, hali yeye anakula mchana wa Ramadhani.

Katika dini yetu kupanda mti ni sadaka. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Mwislamu akipanda mmea, akala humo ndege, mtu au mnyama, mpandaji ana thawabu. Tena tunao mfano wetu wa kale wa mali isiyouzwa ila mazao yake ndiyo hutumiwa, nao ni wakf. Msitu wa kaboni wafanana nao: mti hukaa, mazao hugawanywa. Nasi sote twajua kwamba wakf husimama ama huanguka kwa msimamizi wake. Akiwa mwaminifu, msikiti hung'aa na mayatima hula. Akiwa mlaji, hubaki ukuta na jina.

Maoni yangu basi ni haya. Biashara ya hewa ya ukaa si baraka tupu, wala si ulaghai mtupu. Mahali wenyeji walipoketi penye mizani, kama Gazi, imeleta maendeleo madogo lakini ya kweli. Mahali walipoarifiwa baada ya wakubwa kukubaliana, imeleta kesi mahakamani. Haikutofautiana kwa sababu ya mti wala nyasi. Imetofautiana kwa sababu ya aliyeshika daftari.

Nawaomba wazee, maimamu, vyama vya wavuvi na kina mama wa Lamu, Tana, Kilifi, Mombasa na Kwale: akija mtu na karatasi za kaboni, mkaribisheni kwa kahawa kama ilivyo desturi. Kisha, kabla ya mtu yeyote kutia dole gumba, mwulizeni mbele ya baraza nzima. Mkataba ni wa miaka mingapi, na ukikwisha mti ni wa nani? Tani ngapi zitauzwa, kwa bei gani, na kwa nani? Gharama zitaandikwa na nani, na zitasomwa lini? Mkataji kuni na mchoma makaa watapewa kazi gani badala yake? Mwanamke mwenye malalamiko atakwenda kwa nani? Na huyo mnunuzi, je, yeye mwenyewe anapunguza?

Mwenye majibu atayatoa hapo hapo, na kwa Kiswahili. Asiye nayo, mpeni jembe.